Mother 3: kungoja bila kujibiwa

Mwezi wa Februari 2024 kompanyi ya Nintendo ilitia mchezo wake Mother 3 katika ile huduma ya kulipia ambamo mwenye konsoli ya Switch anachezaka michezo ya zamani. Ilifanya hivyo kwa Japani peke yake. Marekani, Ulaya na inchi zingine hazikupata kitu. Mchezo wenyewe ulitoka tarehe 20 Aprili 2006, kwa kifaa kidogo cha mkononi kinachoitwa Game Boy Advance, na tangu siku ile kuko watu wengi ng'ambo wanaoungojea. Aliyeanza kungoja akiwa na miaka 15, leo pengine ana watoto wanaomuuliza anangoja nini.

Msomaji ana haki ya kuuliza: gazeti lenye kuandika juu ya bei ya unga na barabara mbovu lina shida gani na mchezo wa Wajapani? Shida yetu ni lugha. Ukurasa huu umewekwa ndani ya gazeti la Kifaransa juu kuko watu wanaotaka kusoma habari kwa lugha wanayoongea nyumbani. Kwa hiyo tunajua kidogo namna inavyokuwa pale mtu mwingine, mbali, anapokata shauri kama lugha yako inastahili gharama au haistahili. Na katika habari ya Mother 3 jambo hilo linaonekana wazi kuliko fasi nyingine nyingi, kwa sababu hakukuwa na ukuta mwingine wowote.

Tuanze na mwenye mchezo. Shigesato Itoi si fundi wa kompyuta. Ni mwandishi, aliyejulikana kwanza kwa maneno ya matangazo ya biashara, yale mafupi yanayobaki kichwani mwaka mzima. Wapenzi wa filamu za katuni wamekwisha kusikia sauti yake bila kumjua: ndiye baba wa wale wasichana wawili katika Tonari no Totoro, filamu ya 1988. Mwaka wa 1989 alitoa mchezo unaoitwa Mother. Wakati ule michezo ya aina hiyo ilijaa mapanga, majoka na majumba ya wafalme. Itoi yeye alichukua mtoto wa kawaida, mwenye kofia na fimbo ya bezboli, katika mji unaofanana na miji ya Marekani, akamtuma kuokoa dunia. Mtoto huyo akitaka kuhifadhi fasi aliyofikia katika mchezo, anapiga simu kwa baba yake. Baba haonekani hata siku moja. Ni sauti tu, na feza anazotia benki. Nyumba ngapi za kwetu zina baba wa namna hiyo, aliye Afrika Kusini au Ubelgiji, anayejulikana na watoto kwa simu na kwa kile anachotuma?

Sehemu ya pili, Mother 2, ilitoka Japani mwaka wa 1994, na nusura isitoke. Programu ilikuwa imevurugika. Ndipo akaitwa kijana mmoja fundi, Satoru Iwata, aliyekuja kuwa raisi wa Nintendo nzima mwaka wa 2002 hadi kifo chake Julai 2015. Inajulikana sana namna alivyowaambia: kama tukitengeneza hii iliyopo, miaka miwili; kama mkiniachilia niianze upya, nusu mwaka. Wakamwachilia.

Mwaka uliofuata, 1995, Mother 2 ikafika Marekani kwa jina la EarthBound. Sanduku lilikuwa kubwa, na ndani yake kitabu kizima cha kumwongoza mchezaji. Lakini wenye kutangaza biashara walichagua njia ya ajabu: katika magazeti ya vijana waliweka matangazo ya kukwaruza na kunusa, yenye harufu mbaya, na kuandika kwamba mchezo huu unanuka. Walitaka kuchekesha. Watu waliamini walichoambiwa, wakaacha kununua. Ulaya haikuupata hata kidogo. Ulifika kule kwa njia halali mwaka wa 2013 tu, tena kwa Kiingereza, hata kwa Mfaransa. Lakini wachache walioununua Marekani walikuwa na umri ule ambao kitu kikiingia rohoni hakitoki. Hao ndio wanaongoja mpaka leo.

Tuseme pia kwamba Mother ya kwanza ilikuwa imekwisha kutafsiriwa kwa Kiingereza mwaka wa 1990. Kazi iliisha, kiisha ikafungiwa. Kaseti ya majaribio ilikuja kupatikana mikononi mwa watu miaka ya mwisho ya 1990 na kuzunguka bila ruhusa. Kompanyi yenyewe iliuza tafsiri hiyo mwezi wa Juni 2015. Miaka 25 kazi iliyokamilika imelala ndani ya droo! Wanaosema kutafsiri ni gharama kubwa mno watueleze na hiyo.

Sasa Mother 3. Ilianza kutengenezwa miaka ya katikati ya 1990, ikahamishwa kwenye Nintendo 64, ikaonyeshwa kwa watu mwaka wa 1999, halafu Agosti 2000 ikaachwa. Itoi hakuficha. Alikaa na Iwata na Shigeru Miyamoto, wakaongea wazi juu ya namna walivyoshindwa, na mazungumzo yale yakachapishwa kila mtu asome. Tunalikumbusha jambo hili kwa makusudi. Wapenzi walilia, lakini walikuwa wamejibiwa. Mwaka wa 2003 kazi ikaanza tena, safari hii kwa Game Boy Advance, picha ndogo za kuchorwa badala ya zile zenye kina za Nintendo 64. Na miaka mitatu baadaye mchezo ukatoka.

Mchezo huu uko namna gani? Kuna kijiji kinachoitwa Tazmily, kwenye visiwa vinavyoitwa Nowhere. Watu wa kule hawajui feza. Mtu akihitaji mkate anaomba, na yeye kesho ataombwa kitu kingine. Milango haifungwi. Kuna mapacha wawili, Lucas na Claus, mama yao Hinawa, baba yao Flint, na imbwa wao Boney. Siku moja wanaingia askari waliovaa vinyago vya nguruwe. Wanaanza kugeuza wanyama wa msitu, wanawaunganisha na vyuma, wanyama wapole wanakuwa wakali. Mmoja wa wanyama hao anamwua mama.

Namna kijiji kinavyompasha Flint habari hiyo ndiyo fasi ambayo wachezaji hawaisahau. Wamekaa kando ya moto usiku, mvua imewalowesha. Jirani anakuja akiwa na jino kubwa la mnyama. Anamwambia Flint kwamba kuna habari nzuri na kuna habari mbaya. Nzuri ni kwamba jino hili litafaa kuwa silaha. Mbaya ni fasi alipolipata: ndani ya moyo wa mke wake. Jirani si mtu mbaya. Ni mtu ambaye hakujua namna ya kusema, akashika njia ya kwanza aliyoiona. Yule baba mpole anachukua gogo la moto na kuanza kupiga rafiki zake. Nani katika sisi hajaona msiba unaotangazwa vibaya, na mtu mwema anayegeuka ghafla mbele ya watu? Sasa fikiri kazi ya mtafsiri. Akizidisha neno moja, wachezaji watacheka. Akipunguza moja, hawataelewa. Mchezo mzima umeandikwa kwa hiragana na katakana, zile herufi ambazo hata mtoto wa Japani anazisoma, bila kanji. Maneno ni mepesi. Ndiyo maana ni magumu kuyahamisha.

Na kuko mambo ya kuchekesha tele, tena ya ajabu. Fasi ya kuhifadhi mchezo ni chura: unamkuta njiani, unaongea naye, anakuandikia. Kuna nyani anayelazimishwa kucheza ngoma mbele ya watu ili kuuza bidhaa. Vita vinapiganwa kwa kufuata muziki: ukibonyeza kitufe sawasawa na mdundo, unapiga tena na tena, hadi mara 16. Wimbo ukibadilisha mwendo katikati, kidole chako kinapotea. Na ukipigwa vibaya sana hufi palepale. Hesabu ya uhai inashuka polepole kama namba za mita ya gari, na ukiwa mwepesi unaweza kujiponya kabla haijafika sifuri.

Baada ya miaka mitatu katika hadithi, Tazmily imebadilika. Mfanyabiashara mmoja mwenye maneno matamu ameleta feza. Baada ya feza amekuja na sanduku linalong'aa, ambalo kila nyumba inalazimika kuwa nalo ili iwe na furaha. Nyumba isiyokuwa nalo inapigwa na radi. Reli inajengwa, kiwanda kinafunguliwa, vijana wanaacha mifugo na kwenda kufanya kazi ya zamu. Wazee wanawekwa kando katika nyumba mbovu. Mwisho watu wanahama wote kwenda mji mkubwa wenye taa nyingi, uliojengwa na yule mwenye askari wa nguruwe kwa ajili ya kujifurahisha mwenyewe. Itoi hakuandika haya akifikiri juu yetu, hilo ni hakika. Lakini mtu wa Kolwezi akicheza sehemu hii atakaa kimya kidogo. Na mtu wa Kolwezi hawezi kuicheza, kwa sababu ile ile inayomzuia mtu wa Chicago.

Sababu hiyo ni maneno peke yake. Game Boy Advance haikuwa na kufuli la inchi. Kaseti ya Tokyo inaingia katika kifaa kilichonunuliwa Paris na inawaka palepale. Hata ile konsoli iliyofuata, Nintendo DS, ilikuwa na tundu la kupokea kaseti hizo. Wapenzi wa Marekani na Ulaya waliagiza kaseti Japani, wakalipa usafiri, wakaitia, muziki ukaanza. Kiisha yakatokea maandishi ambayo hawakuweza kuyasoma. Wengine walicheza hivyo hivyo hadi mwisho, karatasi ya maelezo mkononi, wakilia katika fasi za kulia bila kuelewa kila neno.

Tuwe wa haki kwa kompanyi. Mwaka wa 2006 hesabu yake haikuwa ya kijinga. EarthBound ilikuwa imewavunja moyo. Game Boy Advance ilikuwa inazeeka: DS ilikuwa imekwisha kutoka mwisho wa 2004, na nguvu yote ya biashara iliwekwa kule. Mother 3 ina maneno mengi, na kila neno linalipiwa. Wengine wanasemaka kwamba sababu ilikuwa mambo yaliyomo ndani: kifo cha mama, au wale walinzi saba wa visiwa wasiokuwa wanaume wala wanawake. Reggie Fils-Aimé, aliyeongoza tawi la Marekani hadi 2019, alieleza baada ya kuondoka kwamba sivyo. Ilikuwa hali ya biashara ya wakati ule. Tunamsadiki. Duka halilazimishwi kuuza kila kitu. Kama Nintendo ingesema mwaka ule, wazi, "hatutauleta, na sababu ni hii", leo tusingeandika ukurasa huu.

Haikusema. Na wapenzi hawakukaa mikono mifukoni. Tangu kabla ya mchezo kutoka walikuwa wamejikusanya katika kundi linalojulikana kwa jina la Starmen.net, wamekusanya saini maelfu kwa maelfu na kuzituma kwa kompanyi. Walipiga simu. Walituma barua, picha, michoro. Hakuna aliyewaambia ndiyo, hakuna aliyewaambia hapana. Novemba 2006 wakatangaza kwamba watatafsiri wenyewe.

Hapa ndipo tunapotaka msomaji asimame kidogo, juu neno "wapenzi" linaweza kumdanganya. Akisikia wapenzi anafikiri ni watoto wenye kupiga kelele. Kiongozi wa kazi ile, Clyde Mandelin, ni mtafsiri wa kazi, mtu aliyekula ugali wake kwa kugeuza katuni za Kijapani kuwa Kiingereza. Pamoja naye walikuwa karibu watu kumi na wawili, kila mtu na kazi yake ya mchana. Usiku na siku za mapumziko, karibu miaka miwili, bila kulipwa, walifanya kazi ambayo kompanyi yenye majengo na mafundi iliiona haina faida.

Kutafsiri maneno kulikuwa nusu tu. Herufi za Kijapani katika mchezo ule zinakaa kila moja katika kisanduku chake, upana ni mmoja. Herufi za Kiingereza hazikubali hivyo: i ni nyembamba, w ni pana, na ukizilazimisha katika visanduku sawa, sentensi inakuwa kama meno ya mzee, mapengo kila fasi. Ilibidi wenye ujuzi wa programu waingie ndani kabisa, bila karatasi yoyote ya watengenezaji, wajue ni sehemu gani inachora maandishi kwenye kioo, waibadilishe, halafu waone imeharibu nini upande mwingine. Wakitengeneza mazungumzo, maneno ya vita yanaharibika. Wakitengeneza hayo, majina ya vitu yanatoka nje ya mstari. Na walisema tangu mwanzo: siku Nintendo itakapotangaza tafsiri yake, sisi tunaacha yetu palepale. Fikiri kufanya kazi miaka miwili huku ukitamani mwenye mali akwambie uache.

Hakuwaambia. Tafsiri ilitoka Oktoba 2008. Walichotoa hakikuwa mchezo wenyewe. Kilikuwa kiraka, yaani faili yenye mabadiliko tu, na lazima mtu awe na mchezo ndipo kiraka kishikamane nao. Katika wiki moja kilichukuliwa zaidi ya mara 100,000. Mwaka ule ule watu wa kundi lile walichapisha pia kitabu cha mwongozo cha kurasa 200, cha rangi, kizuri kuliko vingi vya viwandani. Wapenzi wengine wakafuata nyuma na kuugeuza mchezo kwa lugha zao, Kifaransa ikiwemo. Nintendo haikuwashitaki. Hilo tunaliweka kwenye hesabu yake nzuri, kwa sababu kompanyi hiyo inajulikana kwa kwenda mahakamani upesi.

Lakini kutoshitaki si jibu. Na yaliyofuata ndiyo yanayotufanya tuandike kwa ukali kidogo. Mwaka wa 2008 Lucas, yule mtoto aliyefiwa na mama, aliwekwa katika Super Smash Bros. Brawl, mchezo wa kupigana uliouzwa dunia nzima. Mamilioni ya watoto wa Marekani na Ulaya walimchagua, wakapigana naye, bila kujua anatoka wapi wala juu ya nini ana huzuni. Mwaka wa 2015 aliuzwa tena, peke yake, kama nyongeza ya kulipia katika Smash iliyofuata. Mwanzo wa 2016 ikaja sanamu yake ndogo, ikauzwa Marekani dukani. Basi ukiwa ng'ambo unaweza kununua uso wa Lucas, ngumi zake na sanamu yake ya plastiki. Hadithi yake ndiyo hawauzi. Na katikati ya hayo, Juni 2014, kwenye maonyesho makubwa ya E3, kompanyi ilitoa filamu fupi ya kuchekesha: mpenzi mmoja anamwomba Reggie awape Mother 3, na Reggie anamchoma moto. Watu walicheka, hata wapenzi wenyewe walicheka. Sisi tuliona kitu kingine: kumbe walikuwa wanasikia. Miaka yote ile walijua vizuri ombi ni lipi, nani analiomba, na kwa nguvu gani.

Aprili 2013 Mandelin alikuwa amekwisha kuwatolea njia. Alisema atawapa maandishi yake yote bure, na yuko tayari kuyafanyia kazi tena kama wanataka. Gharama ambayo ilikuwa sababu ya 2006 ilikuwa imeondolewa mezani. Mwaka ule ule EarthBound iliuzwa upya kwa Wii U, 2015 ikafuata Mother ya kwanza, na Februari 2022 zote mbili zikaingia katika huduma ya Switch kwa dunia nzima. Ya tatu ikabaki nyuma ya pazia, hadi ilipofunguliwa kwa Wajapani peke yao.

Kuko wanaosema: wacha wacheze ile ya kiraka, wamepata walichotaka, mambo yameisha. Hatukubali. Itoi na wenzake hawapati hata franka moja kwa nakala inayopatikana kwa njia ya giza, na aliyetafsiri hapati jina lake katika orodha ya waliotengeneza mchezo. Mchezaji mwaminifu, aliye tayari kulipa, analazimishwa aidha kuvunja sheria au kununua kaseti ya zamani kwa mtu anayeiuza kwa bei anayotaka. Haki ya mwenye mali tunaiheshimu. Sheria inampa uwezo wa kufungia kazi yake droo. Lakini mwenye mali akikataa kuuza, akikataa kueleza, na akiendelea kuchuma kwa jina la kitu kile kile, asishangae watu wakiona kwamba sheria hiyo inamlinda yeye peke yake.

Na sisi? Kijana wa Lubumbashi au Bukavu akisema "twende tucheze Play", mara nyingi anaongelea mpira. Michezo yenye hadithi ndefu haimfikii, au inamfikia kwa Kiingereza na anabonyeza tu ili maneno yapite. Orodha ya lugha za konsoli ya Switch haina Kiswahili. Hakuna anayeshangaa, na hilo lenyewe linaumiza. Ndani ya vifaa hivi vya umeme kuna tantali, inayotoka katika koltani, na mwisho wa mwaka 2000 bei yake ilipopanda ghafla duniani, watu wa Kivu walijua habari hiyo kabla ya wachezaji. Koltani inasafiri hadi Asia bila mtu kukusanya saini. Maneno ndiyo yanayokwama njiani.

Hatuombi Nintendo itutafsirie michezo kwa Kiswahili kesho. Tungependa tu vijana wetu wenye Kifaransa kizuri, Kiingereza cha kutosha na Kiswahili cha kuzaliwa nacho waiangalie kazi ile ya 2006 hadi 2008 kama kazi, siyo kama wazimu wa Wazungu. Kuna michezo midogo ambayo watengenezaji wake wanaruhusu mtu yeyote kuongeza lugha, tena wanashukuru. Tafsiri ya namna hiyo inahitaji watu watatu wenye kuelewana, kompyuta moja na umeme unaokaa saa tatu bila kukatika. Hilo la mwisho, kweli, linategemea kartiye unayokaa.

Kuhusu Nintendo, ombi letu ni dogo kuliko la wapenzi. Waliomba mchezo. Sisi tunasema hata barua ya mistari kumi ingetosha: tunauleta, au hatuuleti kamwe, na sababu ni hii. Itoi alifanya hivyo mwaka wa 2000, alipokuwa na haya zaidi na kitu kidogo zaidi cha kuonyesha.

Kwa sasa, mtu wa Marekani au wa Ulaya anayelipia huduma ya Switch anaweza kufungua akaunti nyingine ya Kijapani, apakue programu ya kule, na kukuta Mother 3 imekaa kwenye orodha pamoja na zingine. Anaifungua. Muziki unaanza, ule ule wa 2006. Kiisha anachukua simu yake, anatafuta tafsiri ya 2008, anaiweka kando ya kioo, na kusoma mstari mmoja huku, mstari mmoja kule.